Bluu ya Bakuli la Hajat: Shajara ya Karakana

9 Juni

Hajat amerudisha bakuli. Hakugomba. Aliliweka juu ya gunia la kaolini, udongo mweupe wa ufinyanzi, akavuta kiti, akaomba maji, na alipoyamaliza ndipo akasema, "Mwanangu, tazama humo ndani."

Humo ndani kulikuwa na mstari. Juu ya mstari glezi yetu ya bluu, ule mpako wa kioo juu ya udongo, inang'aa kama siku nilipolitoa tanurini. Chini ya mstari, pale achari ya ndimu ilipokaa wiki tatu, rangi imepauka na mng'ao umekufa. Nikapitisha ukucha: juu unateleza, chini unakwaruza, kama chupa ya soda iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Achari yenyewe iko wapi?" nikauliza.

"Tumekula. Ilikuwa tamu."

Nilitaka kumrudishia pesa yake, akakataa. Anataka bakuli jingine, la bluu ileile, na anataka nimweleze ile rangi imekwenda wapi. Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu jibu nalijua. Imekwenda kwenye achari.

10 Juni

Leo hatukufinyanga kitu. Tumetoa makopo yote ya rangi nje, juani, tukayapanga kwenye mkeka. Mwenzangu, kijana wa Arua anayesaga na kuchekecha, alikuwa anasoma lebo nami naandika. Oksidi ya kobalti, nusu kilo. Kabonati ya shaba. Oksidi ya kromi, ya kijani. Dioksidi ya manganizi. Oksidi ya chuma, gunia zima. Halafu kopo la njano lisilo na lebo, nililonunua duka moja mjini miaka miwili iliyopita kwa sababu lilikuwa rahisi na njano yake ilikuwa nzuri kupita kiasi.

"Hili limeandikwa nini?" nikamwuliza.

"Halikuandikwa."

Nimelifunga kwa utepe, nikaliweka peke yake. Njano kali, rahisi, isiyo na jina: mara nyingi ni risasi au kadimiamu, metali zenye sumu. Nitalirudia.

Kuhusu kobalti nijikumbushe ninachokijua. Mwili wenyewe unaihitaji kidogo, imo ndani ya vitamini B12. Ikizidi ni habari nyingine. Miaka ya 1960, Quebec, Kanada, chumvi ya kobalti ilitiwa kwenye bia ili povu lisimame vizuri. Wanywaji wakubwa wakaanza kuugua moyo, na wengine wakafa. Hajat hanywi bia, lakini achari anakula kila siku ya Mungu.

Bluu yetu ina asilimia 2 ya oksidi ya kobalti. Nilifundishwa hivyo, aliyenifundisha alifundishwa hivyo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza kwa nini iwe 2 isiwe nusu.

14 Juni

Siku nne za kusoma usiku na kufinyanga mchana. Niandike kabla sijasahau.

Bluu ya kobalti haitokani na kobalti peke yake. Inatokana na majirani zake. Kobalti ikizungukwa na oksijeni nne hutoa bluu. Ikizungukwa na sita huelekea waridi. Vile vipakiti vya chembe za bluu vinavyokuja ndani ya katoni za vifaa vya umeme, ambavyo zile za bluu hugeuka waridi zikishiba unyevu, vinafanya kazi kwa siri hiyohiyo. Maana yake kwangu ni kwamba sihitaji kobalti nyingi. Nahitaji kobalti chache zilizokaa mahali panapofaa, zikafungiwa humo.

Mahali hapo panajulikana tangu 1802, pale Mfaransa Louis Jacques Thénard alipochoma kobalti pamoja na alumina, yaani oksidi ya alumini, akapata bluu ambayo wachoraji wanaitumia mpaka leo. Ni fuwele ya aina ya spineli: kila kobalti imebanwa katikati ya oksijeni nne na alumini imejenga ukuta kuizunguka. Ni ngumu, haijali moto, na asidi ya ndimu haiiwezi kirahisi. Halafu kuna ujanja unaonifaa mimi: zinki hupenda kukaa mahali palepale inapokaa kobalti, na zinki haina rangi. Kwa hiyo ukijenga nyumba kumi ukaweka zinki katika nane na kobalti katika mbili, bado unapata bluu.

Ziko bluu nyingine. Huko Oregon, Marekani, mwaka 2009, maabara ya Mas Subramanian ilikuwa ikitafuta vifaa vya elektroniki ikajikuta imechoma unga wa itiriamu, indiamu na manganizi ukatoka bluu kali isiyo na kobalti hata chembe. Nzuri sana, ila indiamu ni ghali. Hiyo ni ya wenye pesa zao.

Kuna jambo moja la kuudhi kidogo. Kilembe na Kasese, hapahapa Uganda, mabaki ya mgodi wa shaba yalikuwa na kobalti kiasi kwamba baadaye yalisafishwa kwa kutumia bakteria ili itolewe. Mimi napima kobalti iliyotoka ng'ambo kwa kijiko cha chai.

17 Juni

Pishi la kwanza la bluu ya Thénard, yenye zinki. Kwa kila gramu 100: alumina 55.7, oksidi ya zinki 35.5, oksidi ya kobalti 8.8. Tukachanganya na maji, tukasaga saa mbili kwenye mtungi wenye mawe, tukaanika, tukajaza kwenye chungu kidogo cha udongo mgumu chenye kifuniko. Tanuri kwa nyuzi 1,100, saa moja.

Imetoka vibaya. Unga una rangi ya maji ya bwawa, bluu iliyochanganyika na kijani na kijivu, na ukiuvunja unaona vidoa vyeusi: hiyo ni kobalti ambayo haijaingia popote. Mwenzangu alitazama akasema, "Hii ni rangi ya suruali ya askari iliyofuliwa mara mia." Sikucheka, lakini alisema kweli.

Sababu ni mbili. Moto mdogo, na alumina yetu ina punje nene. Vitu hivi haviyeyuki vikachanganyika kama sukari kwenye chai. Punje zinagusana pembeni na chembe zinahama polepole kutoka moja kwenda nyingine. Punje ikiwa nene, safari haifiki katikati.

18 Juni

Umeme umekatika tangu alfajiri. Tumefinyanga vikombe.

22 Juni

Pishi la pili. Mambo matatu yamebadilika. Tumesaga saa kumi badala ya mbili. Tumetia asidi ya boriki gramu moja na nusu kwa kila mia, nayo huyeyuka mapema na kuwa kama njia ya kupitia chembe. Tumepandisha moto hadi nyuzi 1,220 tukaushikilia saa tatu. Koili, nyaya zinazopasha tanuri moto, zilinitia wasiwasi. Tanuri hili lilichomelewa Katwe na fundi anayeliamini kuliko mimi ninavyoliamini.

Leo asubuhi nimefunua chungu. Unga umenywea, umejitenga na kuta, umekuwa kama andazi gumu. Nikaligonga kwa nyuma ya kisu likapasuka vipande viwili, na ndani ni bluu ileile ya nje. Hakuna doa. Nilishika kile kipande juani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwenzangu akaja, akalowesha kidole, akakigusa, akajipaka mstari kwenye kiganja.

"Hii sasa ni bluu," akasema.

Nikamwambia akanawe mikono.

23 Juni

Hili nilipaswa kuliandika kwanza, kabla ya Hajat, kabla ya spineli. Mwenzangu amepiga chafya kwenye kitambaa cheupe, na kamasi ni ya bluu.

Miaka miwili amekuwa akichekecha kobalti kavu kwenye chumba chenye dirisha moja, kitambaa cha shati kimefungwa puani. Nilikuwa nahangaika na miligramu zinazoingia kwenye achari ilhali yeye anavuta vumbi lenyewe. Vumbi la kobalti huleta pumu na mwasho wa ngozi. Vumbi la silika, madini ya mchanga, ambalo tunalo zaidi ya rangi zote, hukausha mapafu kidogo kidogo na hayarudi. Na manganizi: moshi wake wakati wa kuchoma, ukiuvuta miaka mingi, huharibu ubongo mpaka mtu anatembea na kutetemeka kama mwenye Parkinson.

Tangu leo hakuna kupima unga mkavu ndani. Kila kitu kinasagwa kikiwa majini. Sakafu haifagiliwi, inapigwa deki. Nimenunua barakoa za kuzuia chembe ndogo, zile ngumu zinazobana usoni. Amelalamika kwamba zinatoa jasho, nikamwambia atoe jasho. Milango yote miwili inaachwa wazi tanuri linapowaka, na hakuna anayelala humo usiku wa kuchoma, hata mvua ikinyesha.

Nimempeleka zahanati kupimwa kifua. Wamesema kiko safi. Nimefurahi, lakini sijisikii vizuri.

28 Juni

Majaribio ya vigae. Nimetengeneza vigae 24 vya kidole gumba, glezi ileile ya zamani, nikabadilisha rangi tu. Sita vya bluu ya zamani, kobalti asilimia 2. Sita vya pigmenti mpya, ule unga wa bluu wa pishi la pili, kwa asilimia 8, ambayo ukipiga hesabu ni kobalti asilimia 0.7. Sita vya pigmenti kwa asilimia 4. Na sita vya mwisho niliviweka kwa sababu aliyenifundisha alikuwa akisisitiza kila jaribio liwe na ndugu yake wa kulinganisha: kobalti mbichi, isiyochomwa na alumina wala zinki, kwa asilimia 0.7 hiyohiyo.

Matokeo yamenichekesha na kunikasirisha. Bluu ya zamani ya asilimia 2 ni karibu nyeusi. Ukiiweka kando ya pigmenti mpya, mpya ndiyo inayoonekana bluu. Na ile kobalti mbichi ya asilimia 0.7? Ni bluu nzuri. Ina vidoa, kama uso wenye madoa, lakini kutoka hatua mbili huwezi kuitofautisha.

Kwa hiyo theluthi mbili ya kobalti yetu ya miaka yote hii ilikuwa haifanyi kazi yoyote ya rangi. Tungeweza kuipunguza kwa kijiko, bila Thénard, bila usiku wa kusoma, bila kuunguza koili. Nilikaa na vigae hivyo mapajani kwa muda.

Hata hivyo siitupi pigmenti. Inaenea sawasawa, haina vidoa, na anayeisaga hashiki kobalti iliyo huru. Lakini sitamwambia mtu kwamba spineli ndiyo iliyookoa bakuli. Ndani ya glezi iliyoyeyuka sehemu ya spineli yenyewe huyeyuka, kobalti ikaingia kwenye kioo. Kinachoishika wakati huo ni kioo, basi.

3 Julai

Ajali ndogo. Duka letu la kawaida liliishiwa unga wa mawe ya chokaa wa Tororo, tukauziwa unga mwingine mweupe wa marumaru, "ni kitu kimoja tu". Vigae vimetoka zambarau. Zambarau ya kupendeza, ya leso, lakini si bluu. Kobalti ikikutana na magnesi hufanya hivyo, na marumaru ile inayo tele. Nimeandika kwenye gunia kwa rangi nyekundu: SI CHOKAA. Nimeweka kigae kimoja dirishani, siku moja nitakitafutia kazi.

9 Julai

Sasa glezi yenyewe, maana ndipo ugonjwa ulipo.

Glezi ni kioo. Kioo chenye silika ya kutosha na alumina ya kutosha hushikilia kila kilichomo. Kioo chenye chokaa nyingi na silika haba huwa na milango wazi, asidi ikaingia na kutoa chokaa, kisha na rangi. Glezi yetu ilikuwa hivi kwa mia: felspa (unga wa mwamba unaoyeyuka) 35, chokaa 25, friti (kioo kilichosagwa) ya boroni 18, silika 12, kaolini 10. Silika 12! Nilipoiandika kwenye karatasi safi niliona aibu. Aliyeitunga alitaka iyeyuke upesi umeme usiende mwingi.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Nimeweka koni za kupimia moto, zile zinazoinama joto likitosha, kwenye kila rafu. Ya juu imeinama barabara, ya katikati imeinama nusu, ya chini imesimama kama mlinzi. Kipima joto chetu kimechomekwa juu, kinasoma nyuzi 1,200, na mimi nimekuwa nikiamini tanuri zima liko 1,200. Bakuli la Hajat nakumbuka lilichomwa chini, kwa sababu ni pana na chini ndiko kuna nafasi.

Glezi mpya: chokaa 16, silika 21, mengine yabaki. Silika ni mchanga mweupe wa ufukweni Bukakata, umesagwa mpaka hauhisiki kati ya vidole. Kaolini ni ya Mutaka. Rafu ya chini sasa ni ya matofali na vyungu vya maua. Vyombo vya chakula haviwekwi humo.

13 Julai

Jaribio la siki. Viwanda vina kanuni: asidi asetiki ya asilimia 4, nyuzi 22, saa 24, kisha kile kimiminika kinapelekwa kupimwa. Sina chumba cha nyuzi 22, nina kivuli cha mwembe. Nimetumbukiza nusu ya kila kigae kwenye siki nyeupe ya dukani, nikaacha siku tatu badala ya moja, nikavifunika watoto wa jirani wasije wakachovya kidole.

Vya glezi ya zamani vilivyochomwa rafu ya chini: mstari uleule wa Hajat, unaonekana hata na asiyevaa miwani. Vya glezi ya zamani vilivyochomwa juu: mstari hafifu, lazima uvielekeze kwenye mwanga. Vya glezi mpya: nimevigeuza, nimevipumulia mvuke, nimempa mwenzangu, nimempa mwenye duka la chapati hapo nje. Hakuna aliyeweza kusema ni upande upi ulikuwa kwenye siki.

Jicho si maabara. Glezi inaweza kutoa madini bila kupoteza mng'ao. Nimetenga bakuli nne za kupeleka Kampala.

15 Julai

Nilimshauri Hajat njia ya mkato: ndani tupake glezi nyeupe isiyo na rangi, bluu ikae nje. Wafinyanzi wengi wanafanya hivyo na ni busara. Alinitazama kama niliyemwambia avae buibui ndani nje.

"Nikila ninatazama ndani, mwanangu. Nje anatazama nani?"

Basi tumejaribu njia ya wazee wa China: pigmenti inachorwa juu ya udongo, glezi angavu inakuja juu yake kama dirisha. Chakula kinagusa dirisha, hakigusi rangi. Bakuli zao zilizopachikwa kwenye kaburi la nguzo pale Mambrui, pwani ya Kenya, zimekaa karne nyingi kwenye upepo wa chumvi. Nimechora matawi matatu na samaki mmoja. Samaki amefanana na kiatu.

26 Julai

Majibu ya maabara, sehemu ya kwanza. Kopo la njano: risasi imo, na ni nyingi. Nilitegemea, lakini kuiona imechapwa kwenye karatasi ni kitu kingine. Niliuza sahani za njano hiyo. Si nyingi, na nyingi nazikumbuka zilikokwenda. Tangu jana nimekuwa kwenye boda nikizifuata, natoa nyingine badala yake. Mbili bado sijazipata.

Kopo lenyewe siwezi kulimwaga. Bonde la hapa Kajjansi linashusha maji mpaka Ziwa Viktoria. Limefungwa ndani ya ndoo, ndoo imefungwa, imeandikwa.

Njano mpya ni ya zirkoni yenye praseodimiamu, metali inayoipa rangi, nimeinunua tayari. Zirkoni ni fuwele ngumu kweli, inahimili moto wetu na zaidi, na rangi imeshikwa humo ndani. Kuitengeneza mwenyewe sijaribu: unahitaji chumvi za floridi, na moshi wake sitaki karakanani kwangu. Ni njano ya limau, si ile ya yai niliyoizoea. Tutaizoea.

Kuhusu bakuli za bluu, maabara imepima risasi na kadimiamu: hazikuonekana. Kanuni ya Ulaya ya 1984 inaruhusu kwa vyombo vya kina hadi miligramu 4 za risasi na 0.3 za kadimiamu kwa lita. Kobalti haimo kabisa kwenye kanuni hiyo. Niliomba wapime hiyo pia, nikalipa juu yake. Lakini hata namba ikija, sina mstari wa kuilinganisha nao. Nitalinganisha bakuli jipya na lile la zamani, basi.

5 Agosti

Karatasi ya kobalti imefika. Kwenye bakuli la zamani la rafu ya chini wameipata. Kwenye glezi mpya, chini ya kiwango ambacho mashine yao inaweza kusoma. Nimeibandika ukutani juu ya mizani.

16 Agosti

Hajat amekuja bila kuitwa, bakuli jipya liko ndani ya mfuko wa plastiki. Alilichukua tarehe 16 mwezi uliopita akalijaza achari siku hiyohiyo, ingawa nilimwomba asubiri karatasi. Mwezi mzima, ndimu na chumvi na pilipili. Amelisugua kwa majivu kabla ya kuja, nina hakika alitaka kunikomesha.

Nikalielekeza mlangoni. Nikapitisha ukucha kutoka ukingoni hadi chini, polepole, nikirudia upande huu na huu. Unateleza mpaka mwisho. Samaki yupo, bado amefanana na kiatu.

"Haya," akasema. "Sasa nataka la kijani. Lile kijani la shaba, kama la msikiti."

Shaba. Kwenye glezi yenye risasi, shaba hufungua mlango risasi itoke kwa wingi. Na hata pasipo risasi yenyewe haitulii vizuri ndani ya kioo. Iko turkizi, bluu ya kijani, ya metali ya vanadi ndani ya zirkoni, lakini si kijani cha msikiti. Labda nikiichanganya na njano mpya, sehemu moja kwa tatu, halafu nianze na vigae sita.

"Nipe wiki mbili, Hajat."

"Nakupa tatu. Lakini achari sitaki iharibike, nipe kopo la plastiki nikaiweke humo."

Mwenzangu ameanza kupima zirkoni. Amevaa barakoa.